Jumamosi ya Pupa

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari (au Agosti, kwa walio upande wa kusini wa dunia), huja Jumamosi moja ya kunitia majaribuni. Theluji imebaki viraka viraka kwenye kivuli cha ukuta, paa linadondosha matone, na penye jua mtu anaweza hata kufungua vifungo vya koti. Mikono inaniwasha. Bustani imelala mbele yangu kama ukumbi asubuhi ya baada ya harusi: majani makavu yamegandamana, mabua yamekuwa meusi, nyasi za mapambo zimelala kifudifudi, alizeti moja imevunjika shingo lakini bado imesimama. Nani atatazama uchafu huo asitamani ufagio?

Miaka sita iliyopita niliushika ufagio. Nilianza saa mbili asubuhi na reki, mkasi wa kupogolea na jembe uma, na giza lilipoingia nilikuwa nimejaza mifuko 14 ya majani na mabua, ikapelekwa jalalani. Nilipogoa kila kilichokuwa na tawi. Nililima kila kilichokuwa na udongo. Vitanda vilibaki vyeusi na laini, kama picha iliyo nyuma ya pakiti ya mbegu, nami nikapiga picha yangu. Usiku mgongo uliniuma, lakini nililala na kiburi changu kikiwa kizima.

Deni la siku ile nililipa kwa awamu. Mwezi Mei mlilaki haukutoa hata ua moja. Julai nilipong'oa karoti, zilitoka zimepinda, nyingine zina miguu miwili kama suruali, kwa sababu udongo chini ulikuwa mgumu kama tofali. Vidukari walijaa kwenye maharage kiangazi kizima, na wadudu wanaowala sikuwaona. Mwaka uliofuata mti wa plamu ukaanza kutoa majani yenye rangi ya fedha, mazuri ukiyatazama kwa mbali. Ule ulikuwa ugonjwa.

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utotoni nikidhani naielewa. Sikujua kwamba siku ile ya pupa nilikuwa nimetia pupa mifukoni kwa mamia, nikimaanisha pupa wale wa somo la biolojia: hatua ya mdudu kati ya kiwavi na kipepeo. Lugha yetu imeyapa mambo haya mawili neno moja, na mimi nimelipia maana zote mbili.

Aliyeanza kuniambia alikuwa binti yangu, wakati huo ana miaka mitano. Nilimpa kazi ya kuvunja mabua ya rasiberi ili yaenee mfukoni. Akapasua moja kwa kucha, akanyamaza muda mrefu, kisha akaita kwa sauti ya chini, "Mama, humu kuna watu wamelala."

Nikainama kutazama. Ndani ya bua, kwenye uti laini uliochimbwa kama handaki, walikuwamo nyuki wanne wadogo weusi wanaong'aa, mmoja nyuma ya mwingine kama abiria kwenye behewa la usiku. Hawakusogea.

"Wamekufa, mwanangu. Tia mfukoni."

"Hawajafa. Wamelala."

Nilikuwa na haraka, nikarudi kwenye reki yangu. Yeye ndiye aliyekuwa na haki. Nyuki wengi duniani hawaishi mizingani wala hawana malkia. Kila jike hujitegemea, na baadhi ya jamii zao hupitisha baridi wakiwa wakubwa kamili ndani ya mabua kama yale, wakisubiri joto. Wengine hutumia mabua yenye uwazi kama nyumba ya kulelea: kiangazi jike huweka chavua, hutaga yai moja juu yake, hujenga ukuta wa tope au wa majani, huanza chumba kingine, na kizazi hicho hukaa humo hadi mwaka unaofuata. Chini ya majani makavu kuna umati mwingine: pupa wa vipepeo na nondo, mayai ya buibui, wale wadudu wekundu wa mviringo wenye madoa meusi ambao wao na watoto wao ni maadui wakubwa wa vidukari. Malkia wa nyuki wakubwa wenye manyoya huwa wamejifukia peke yao sentimita chache ardhini. Niliwafunga wote kamba nikawatupa, halafu Juni nikashangaa vidukari wametoka wapi.

Siku hizi nasubiri. Kanuni inayosemwa sana na watunza bustani ni kusubiri mpaka joto la mchana lifike nyuzi 10 za Selsiasi kwa siku kadhaa mfululizo. Ni kanuni ya kukadiria, kwa sababu wadudu hawana kalenda moja. Wapo wanaotoka mapema na wapo wanaolala mpaka kiangazi kinabisha hodi. Ndiyo maana hata ninapokata mabua sikati hadi chini. Naacha visiki vya sentimita 30 hivi. Machipukizi mapya yatavificha kabla Mei haijaisha, na nyuki wa mwaka huo watakuta vyumba vya kupanga. Vipande vya juu navifunga mafungu, navisimamisha kando ya ua. Majani nayavuta kwa mkono hadi chini ya vichaka bila kuyasaga, maana mashine ya kusaga haimbagui aliyelala. Jirani zangu wananiona mvivu. Wacha wanione.

Lakini yapo majani ambayo sina huruma nayo. Yenye madoa meusi chini ya mwaridi, na yaliyoanguka chini ya mtufaha uliokuwa na ugonjwa wa madoa na magamba, hayo nayaokota yote kabla machipukizi hayajafunguka. Kuvu wa magonjwa hayo hupitisha baridi kwenye mabaki hayohayo, na mvua ya kwanza ya vuguvugu hurusha mbegu zao hadi kwenye majani mapya. Vivyo hivyo matunda yaliyokauka yakabaki yananing'inia mtini, meusi, yamesinyaa kama masikio ya mzee. Hayo ni ghala la ugonjwa. Nayatoa yote, na hayaingii kwenye mboji.

Sasa udongo, ambao ndio ulioniumiza kuliko vyote kwa sababu kosa lake haliishi mwaka mmoja. Karibu nusu ya udongo mzuri ni nafasi tupu: vitundu vikubwa na vidogo, vingine vina maji, vingine hewa, na mizizi huishi humo. Theluji inapoyeyuka, tabaka la chini huenda bado limeganda, maji hayana pa kwenda, na vitundu vyote hujaa. Ukikanyaga hapo unakamua. Hewa inatoka, kuta za vitundu zinashikana, na jua likija unabaki na tofali lenye umbo la kiatu chako. Mimi nilizunguka kitanda cha karoti mchana mzima na toroli lililojaa.

Kipimo ni rahisi na hakihitaji kifaa. Chimba kina cha kiganja, chukua udongo mkononi, uminye uwe donge, kisha lisukume kwa kidole gumba. Likivunjika chembechembe, karibu kazini. Likibonyea kama ugali mbichi au likiacha uteute kidoleni, rudi ndani. Mimi hurudi ndani mara tatu au nne kila mwaka. Nikilazimika kuufikia mti ulio katikati natanguliza ubao mpana na kutembea juu yake, uzito utawanyike.

Kuna jambo moja tu la udongo ambalo halisubiri, nalo ni mimea iliyosukumwa juu. Baada ya usiku wa kuganda na mchana wa kuyeyuka, mara nyingi, utakuta mche uliopandwa vuli umechomoza nje na mizizi yake inapigwa upepo. Kwa miaka nilidhani ni kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Hilo ni kweli, lakini halitoshi kueleza. Mwanajiolojia wa Marekani Stephen Taber, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1929 na 1930, alijaza udongo benzini, kimiminika ambacho hunywea kinapoganda, na udongo ulinyanyuka hata hivyo. Kinachofanyika ni kwamba barafu ikishaanza huvuta maji kutoka chini, ikajijenga tabaka kwa tabaka, na kila kilicho juu yake kikapanda. Kwa hiyo mche uliochomoza naurudisha kwa vidole, taratibu, ardhi ikiwa imelainika, na kuuwekea matandazo mepesi. Hapa tu ndipo pupa inaruhusiwa.

Na kulima? Siku hizi karibu silimi kabisa wakati huu. Nilibadilishwa na habari ya chupa. Mwaka 1879, katika chuo cha kilimo cha Michigan, mtaalamu wa mimea William Beal alizika chupa 20, kila moja ikiwa na mbegu za aina 21, mbegu 50 za kila aina, nyingi zikiwa za magugu. Alitaka kujua zinaweza kulala ardhini muda gani bila kufa. Alikufa yeye, waliomrithi wakafa, na jaribio linaendelea. Chupa hufukuliwa usiku ili mwanga usizifikie zilizobaki. Ya karibuni ilifukuliwa mwaka 2021, na baada ya miaka 141 chini ya ardhi bado zilikuwamo mbegu zilizoota, hasa za mmea wa jenasi ya Verbascum. Tafakari basi ukiwa umeshika jembe. Mbegu nyingi za magugu husubiri kuonjeshwa mwanga tu ndipo ziamke, na anayepindua udongo ndiye anayewasha taa. Mimi natandaza mboji juu, sentimita 3 hadi 5, nikiacha nafasi kuzunguka mashina yasioze, na nyungunyungu wanaishusha wenyewe bila kudai mshahara.

Kupogoa kunahitaji subira ya namna nyingine, kwa sababu hapa kuchelewa nako ni kosa. Mtufaha na mpea hupogolewa sasa, mti ukiwa usingizini, matawi yakionekana wazi kama mifupa kwenye picha ya hospitali, kabla macho ya machipukizi hayajavimba. Naanza na vilivyokufa, vilivyougua na vinavyosuguana. Kisha nasimama mbali na kuangalia. Muda wa kuangalia huzidi muda wa kukata. Lakini mlilaki ulioninyima maua mwaka ule haukuwa na ugonjwa wowote. Matumba yake hutengenezwa kiangazi kilichotangulia na hukaa mtini majira yote ya baridi, madogo, ya kahawia, usipojua huyaoni. Niliyakata yote na kuyatia mfukoni. Mlilaki, forsithia, na haidranjea za majani mapana zenye vichwa vya mviringo, hizo hupogolewa baada ya kuchanua. Haidranjea zenye vishada vya umbo la pia huchanua kwenye chipukizi la mwaka huohuo, kwa hiyo hizo zikate sasa bila wasiwasi. Kama huujui mti wako ni wa kundi gani, uache mwaka mmoja uone unachanua lini. Mkasi hauozi.

Plamu ndiyo kosa langu baya zaidi. Kuvu anayeitwa Chondrostereum purpureum hurusha mbegu zake hasa miezi ya baridi na unyevu, na huingilia kwenye jeraha bichi. Plamu na cheri hupogolewa kiangazi kwa sababu hiyo, hewa ikiwa kavu na mti ukiwa na nguvu ya kujifunga. Nilikata Februari, jioni ile kukanyesha manyunyu. Majani ya fedha yalipotokea nilikata tawi baada ya tawi, na kila nilipokata niliona doa la kahawia ndani ya mbao, limenitangulia. Mti ulikufa mwaka wa tatu.

Nilikuwa hata nimezipaka rangi zile sehemu nilizokata, ile rangi nyeusi ya vidonda inayouzwa kwa makopo. Kumbe mtaalamu wa miti Alex Shigo, wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno na kueleza tangu mwaka 1977 kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi yetu. Hujenga kuta ndani, ukalitenga eneo lililoharibika, kisha ukakua kwa nje. Rangi haizuii uozo. Kinachosaidia ni mahali pa kukata: tawi linapokutana na shina kuna uvimbe kama ukosi wa shati, na mkato unapita nje ya ukosi huo, bila kuukwangua na bila kuacha kisiki kirefu. Sehemu ya ulinzi wa mti imo mle.

Basi mikono inayowasha nayo ipelekwe wapi? Banda la vifaa. Mikasi naifungua, nasugua kutu kwa msasa, nanoa kwa tupa ule upande mmoja tu wenye mteremko, napangusa kwa spiriti na kutia tone la mafuta kwenye kiungo. Mipini ya mbao naipaka mafuta ya kitani. Mbegu za zamani nazijaribu: 10 ndani ya karatasi yenye unyevu, kwenye mfuko, mahali pa vuguvugu, nahesabu ngapi zimeota. Za vitunguu huwa zimekufa zikipita mwaka au miwili. Za nyanya huvumilia minne na zaidi. Pilipili naziotesha ndani wiki 8 hadi 10 kabla ya jalidi ya mwisho, nyanya wiki 6 hadi 8. Nikiziwahisha zaidi ya hapo hurefuka na kupauka dirishani kama mahabusu. Nyumba za ndege nazisafisha wiki hizi pia, kabla hawajaanza kuzigombea.

Kalenda ya ukutani siitegemei sana tena. Nina daftari ambalo naandika kila kitu cha kwanza: ua la kwanza jeupe lililotoboa theluji, vishada vya hazeli vilivyomwaga chavua, siku forsithia ilipogeuka njano (siku hiyo ndiyo nanoa mkasi kwa ajili ya mawaridi). Sio ubunifu wangu. Robert Marsham, mwenye shamba huko Norfolk, Uingereza, alianza kuandika dalili za majira ya kuchipua mwaka 1736, na ukoo wake ukaendelea hadi 1958. Kyoto, Japani, zipo kumbukumbu za kuchanua kwa cheri tangu karne ya 9. Daftari langu lina miaka sita na madoa mengi ya tope, lakini tayari limenionyesha kwamba Jumamosi ile yenye jua hufuatwa na jalidi kila mwaka. Mwaka huu ilifuatwa na jalidi mara tano.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo hauna ua wala mti. Mei ya mwaka ule, karoti zikiwa bado zinanidanganya, nilikuta nyuma ya mapipa bua la rasiberi lililofungwa uzi mwekundu wa kufumia, fundo la mtoto, kubwa na bovu. Nikamwita mwenyewe. Alikuja mbio, akaniambia kwamba siku ile nilipompa mgongo alilifunga tena na kulificha ili nisilitupe, na kwamba hakunieleza kwa sababu nilikuwa na kazi nyingi.

Tukaufungua uzi pamoja. Handaki lilikuwa safi, na mdomoni mwake kulikuwa na unga kidogo wa uti wa bua, uliosukumwa kutoka ndani. Akaingiza kidole, akachungulia, akanirudishia.

"Si nilikwambia," alisema, akaenda kuchezea mahali pengine.